Mbona wale tisa wa Arusha hatuwapigii kura?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi naangalia nyumba ya Mtaliano mmoja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Juni 2024 alifunga mkoba akaenda kwao, na aliporudi alinionyesha kadi yake ya kura imegongwa mhuri. Alikuwa amechagua wabunge wa Ulaya. Nikaingia mawazo. Sisi nasi tuna Bunge la Afrika Mashariki linalokaa Arusha, lakini Agosti 2022 nilipewa karatasi sita kituoni na hakuna hata moja iliyokuwa ya Arusha. Basi hao tisa wetu walichaguliwa na nani? Ni haki hivyo? Na mtu wa kawaida wa Malindi anaweza kufika kule?"

Marahaba mwanangu. Miaka yote niliyofundisha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanafunzi huniuliza Bunge la Arusha linafanya nini. Wachache sana huuliza wabunge wake wanatoka wapi, na hapo ndipo penye shina la mambo yote mengine.

Kumbukumbu yako ya kituoni iko sawa. Tarehe 9 Agosti 2022 ulipewa karatasi ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi. Ya saba haikusahauliwa. Haipo, wala Uganda haipo, wala Tanzania. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 uliamua hivyo katika Ibara ya 50: bunge la kila nchi ndilo litakalochagua watu tisa, na watu hao wasiwe miongoni mwa wabunge wake lenyewe. Nchi ikiwa kubwa kama Kongo au ndogo kama Burundi, ni tisa kwa tisa.

Kwa hiyo ulipiga kura, ila ilipita mikononi mwa wengine. Hesabu nami. Kaunti ya Kilifi ina maeneobunge saba: Malindi, Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai, Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Ongeza mwakilishi wa wanawake na seneta, unapata watu tisa. Hao ndio waliobeba sauti yako kwenda Nairobi. Ndugu zetu wa Lamu wana wanne tu: wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, mwakilishi wa wanawake, na seneta. Ukijumlisha nchi nzima, Bunge la Taifa lina wabunge 349 na Seneti ina maseneta 67, ukiacha maspika. Watu 416 ndio wapiga kura wa Arusha katika Kenya yote.

Walipiga kura hiyo tarehe 17 Novemba 2022, kila nyumba katika ukumbi wake. Vyama huleta orodha ndefu kuliko viti, na viti hugawanywa kufuata nguvu ya kila upande bungeni. Mwaka ule muungano wa Kenya Kwanza ulipata vitano na muungano wa Azimio vinne. Pwani haikutoka mikono mitupu: Hassan Omar na Suleiman Shahbal, wote wawili wanasiasa wa Mombasa, waliingia. Lakini angalia mwendo wenyewe ulivyo. Mgombea wa Arusha hana haja ya kupanda jukwaani Malindi wala kushuka Mokowe na kuvuka maji kwenda Lamu. Wapiga kura wake wote wako Nairobi, na kabla hajawafikia hao lazima kwanza jina lake lipite kwa wakubwa wa chama. Wewe ukimwona, utamwona gazetini akiapishwa.

Sasa tumtazame huyo Mtaliano wako, kwa sababu safari yake ina somo. Yeye akiwa hapa Malindi, uchaguzi wa bunge la kwao Roma huletewa karatasi kwa posta. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya si hivyo. Mtaliano anayekaa Ujerumani au Ufaransa huwekewa kituo hukohuko, lakini anayekaa nje ya Umoja wa Ulaya hana budi kurudi kwenye manispaa alikoandikishwa. Ndiyo maana alipanda ndege. Na hiyo kadi aliyokuonyesha ni karatasi ya kukunja yenye vyumba 18 vya mhuri. Kila uchaguzi chumba kimoja hugongwa, mpaka vijae apewe nyingine. Wino wetu wa kidoleni hufutika baada ya wiki mbili tatu. Yeye ana ushahidi kabatini wa kila mara aliyotoka kwenda kuchagua.

Tarehe 8 na 9 Juni 2024 Italia ilikuwa inajaza viti 76 katika bunge la viti 720. Nchi hugawanywa kanda tano, na kila chama huweka orodha ya majina katika kila kanda. Mpiga kura hutia alama kwenye nembo ya chama, kisha akitaka huandika kwa mkono wake majina ya watu anaowapenda katika orodha hiyo, mpaka watatu. Akiandika zaidi ya mmoja, hawawezi wote kuwa wanaume watupu wala wanawake watupu. Akikosea hapo, jina la kwanza linabaki na yanayofuata yanafutwa. Chama kisichofikisha asilimia 4 ya kura za nchi nzima hakipati kiti. Waziri mkuu wao, Giorgia Meloni, aliweka jina lake juu ya orodha za kanda zote tano na akawaambia watu waandike "Giorgia" tu, yatosha. Hakuwa anakwenda kukaa Bunge la Ulaya. Alitaka kujua nyumbani kwake anapendwa kiasi gani.

Hapo ndipo nataka uangalie vizuri, usije ukadhani wenzetu wamemaliza. Uchaguzi wa wabunge wa pamoja, kila nchi huugeuza kuwa wa mambo yake ya ndani. Ufaransa, usiku uleule wa 9 Juni, chama cha Rais Macron kilipigwa vibaya katika kura za Ulaya, naye akalivunja bunge la Ufaransa na kuitisha uchaguzi mwingine. Na Italia yenyewe, waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Mtaliano wako aliyesafiri kutoka Malindi ana bidii kuliko jirani zake wengi walioshindwa kuvuka barabara.

Lakini kuna jambo la historia ambalo huwa nalirudia darasani kila mwaka. Ulaya nao walianza bila kura ya mwananchi. Mkataba wa Roma wa 1957 ulisema kwamba siku moja raia watachagua wenyewe, kisha serikali zikaikalia ahadi hiyo miaka na miaka. Wakati wote huo kila bunge la nchi lilituma watu kutoka miongoni mwa wabunge wake. Sheria ya kuruhusu kura ya moja kwa moja ilikubaliwa 1976, na kura yenyewe ikapigwa Juni 1979, nchi tisa, viti 410. Wakamchagua Simone Veil kuwa rais wa bunge, mama wa Kifaransa aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz akiwa msichana. Unajua walifanya nini miezi sita tu baadaye? Desemba 1979 waliikataa bajeti ya Jumuiya yao. Wajumbe wa zamani walikuwa wakiipa serikali ushauri. Hawa wapya walijiona wana watu nyuma yao. Kuanzia hapo mamlaka yaliongezwa mkataba baada ya mkataba, hadi leo sheria nyingi za Ulaya hazipiti bila bunge hilo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama yetu ni haki, nakujibu hivi. Ni halali, maana ndivyo mkataba unavyosema. Ila neno lenyewe la mkataba ni "kuchagua", na neno hilo limewahi kutetewa mahakamani, kesi ambayo kila Mkenya angepaswa kuijua.

Mwaka 2006 ulikuwa wakati wa kupeleka watu katika Bunge la pili. Majina tisa ya Kenya yalipatikana kwa vyama kuteua na kamati ya Bunge kuyapokea na kuyapeleka mbele, pasipo wabunge kupiga kura yoyote. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba 2006, siku chache kabla ya kuapishwa, mahakama ikawazuia wale tisa. Hukumu ya mwisho ilitoka 30 Machi 2007: kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi. Bunge haliwezi kuviachia vyama kazi ambayo mkataba umelipa lenyewe, na kuchagua maana yake ni watu kupiga kura. Kenya ikarudi nyumbani, ikaandika kanuni mpya, ikachagua upya mwaka huohuo wa 2007, na Bunge zima la Jumuiya likawa linatungoja sisi.

Uamuzi ule ulikuwa na gharama yake. Desemba hiyohiyo ya 2006 wakuu wa nchi waliubadilisha mkataba kuhusu mahakama: wakaongeza ngazi ya rufaa na sababu nyingine za kumwondoa jaji kazini. Mimi ngazi ya rufaa siipingi, mahakama yoyote inaihitaji. Lakini majaji kubadilishiwa masharti wiki chache baada ya kuisimamisha serikali, hilo lilinikera wakati ule na linanikera mpaka leo.

Na hatukujifunza sana. Mwaka 2017 muda wa Bunge la tatu uliisha Juni. Kenya ikaingia uchaguzi wa Agosti, kisha ule wa urais ukarudiwa Oktoba, na tisa wetu walipatikana Desemba. Bunge la nne likaanza kazi Desemba hiyo. Nchi nyingine tano zilikaa miezi sita mikono mapajani, kwa ajili yetu.

Mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali, kwa kuwa mkataba unaliachia kila bunge kujiwekea utaratibu. Tanzania hugawa wagombea katika makundi: wanawake, Zanzibar, vyama vya upinzani, na Bara. Kwa hiyo Mzanzibari ana mlango wake ulioandikwa. Kwetu hakuna kundi la Pwani wala la visiwa. Ibara ya 50 inataka wale tisa wawakilishe, kadiri iwezekanavyo, vyama, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu ya nchi. Sisi tumelisoma neno "vyama" tukafunga kitabu. Mvuvi wa Kizingitini, ambaye bahari yake haina ukuta kati ya Kenya na Tanzania, ni kundi maalumu kuliko mengi ninayoyaona yakitajwa, na siamini kuwa amewahi kuwekwa katika hesabu hiyo.

Pengine utasema, Mwalimu, wabunge wenyewe wa Arusha wananihusu nini? Nikupeleke Lamu mjini, gatini. Nilikuwa pale asubuhi moja nikingoja boti, jahazi limefunga pembeni likiwa na shehena kutoka upande wa Tanga. Nahodha, mzee wa makamo, alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, karatasi imekunjwa mara nne na pembe zake zimelainika kwa chumvi. Ilikuwa cheti cha kuonyesha mzigo wake umezalishwa ndani ya Jumuiya, kile chepesi cha wafanyabiashara wadogo ambao mali yao haizidi thamani ya dola 2,000. Afisa wa forodha akakikunjua juu ya goti lake, akakisoma mstari kwa mstari, akarudi kwenye mifuko akaihesabu kwa kidole, kisha akagonga mhuri. Nahodha hakulipa ushuru wa forodha. Nikamuuliza afisa anafuata sheria ipi, akanijibu bila kufikiri: ile ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya 2004.

Sheria hiyo haikutungwa Nairobi. Ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, na Ibara ya 8 ya mkataba inasema sheria ya Jumuiya ikigongana na ya nchi katika jambo hilohilo, ya Jumuiya ndiyo inayotangulia. Mchele, saruji, nguo, vipuri vya mashine ya boti: namna ya kudai ushuru wake inatokana na meza hiyo. Na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilijengwa kwa matumaini ya mizigo ya Ethiopia na Sudan Kusini. Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2016. Sheria za mizigo hiyo zitaandikwa na watu ambao Lamu ina kura nne kati ya 416 za kuwapata.

Hata hivyo nisikudanganye kuhusu nguvu za Bunge lenyewe. Mswada ukipita Arusha, hauwi sheria mpaka marais wote watie saini. Jumuiya sasa ina nchi nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Mmoja akikataa, mswada unarudishwa. Ukiletwa tena na mmoja akakataa tena, umekufa. Ndiyo maana wapo wasomi wanaosema kura ya moja kwa moja ni kupoteza pesa, kwa nini tuwachague watu wasio na meno? Mimi naiona kinyume. Waliochaguliwa Ulaya mwaka 1979 hawakuwa na meno mengi kuliko ya hawa wetu. Waliyapata kwa sababu waliweza kusema ni nani aliyewatuma. Mbunge aliyetumwa na chama chake akigombana na rais wa nchi yake, nani atamtetea?

Kuna na hili la lugha, ambalo kwangu mimi ni kidonda. Nchi ya Malta ina watu wapatao nusu milioni na wabunge sita katika Bunge la Ulaya, na mbunge wa Malta anaweza kusimama akasema Kimalta, wakalimani wakamfikisha kwa wote. Lugha rasmi pale ni 24. Mkataba wetu wa 1999, Ibara ya 137, uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kikaambiwa kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano. Kiswahili, ambacho nahodha na yule afisa walikitumia kumaliza shauri lao kwa dakika kumi! Watu wa Malindi na Lamu wanaombwa wakiendeleze? Siku karatasi ya saba itakapokuja, wagombea watalazimika kunadi sera zao kwa lugha inayoeleweka sokoni Malindi, na hilo peke yake lingelibadilisha Bunge la Arusha kuliko marekebisho mengi.

Sasa la mwisho, kama unaweza kufika kule. Sheria haikuzuii. Uwe raia, uwe na sifa za kuweza kuchaguliwa katika Bunge la Taifa, usiwe waziri, usiwe mtumishi wa Jumuiya, na uwe na uzoefu au hamu iliyothibitika ya kuendeleza malengo ya Jumuiya. Hamu, wamesema; hawakusema shahada. Muda ni miaka mitano na unaweza kurudi mara moja zaidi. Kizuizi chako ni chama, kwa kuwa jina lisilo katika orodha ya chama halina njia nzuri ya kufika mbele ya wale 416. Anza huko mapema, katika tawi, na uwe na jambo moja la Jumuiya unalolijua kuliko wengine. Wewe uliyekaa miaka na Wataliano unaweza ukawa unajua habari za utalii na vibali vya kazi kuliko mawakili kadhaa.

Ama kama hutaki kugombea, kuna la kufanya na lina tarehe. Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027. Bunge la tano la Arusha lilianza Desemba 2022, kwa hiyo miaka yake mitano inaisha Desemba 2027. Tisa wapya watapatikana katika ile miezi michache ya katikati, wakati watu wamechoka na siasa na hakuna anayetazama. Kura ya wabunge ni ya siri, hutajua mbunge wako alimpa nani. Ndiyo sababu umuulize kabla ya Agosti, mkutanoni, mbele ya watu: ukifika Nairobi utamtafuta mtu wa namna gani wa kupeleka Arusha, na Pwani itakuwa na nani katika orodha ya chama chako?

Tena Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Andikeni ombi, wewe na vijana wenzako wa Malindi na wa Lamu, mtake majina ya wagombea wa Arusha yatangazwe mapema na wenyewe wahojiwe hadharani kabla kura haijapigwa. Lipelekwe kwa Karani wa Bunge. Andikeni kwa Kiswahili. Ibara ya 7 imekifanya lugha rasmi ya Jamhuri na Bunge haliwezi kulirudisha kwa sababu hiyo. Mkimaliza rasimu niletee, niisome kabla hamjatia saini.